Wenye sukari na presha: Kabla ya kununua kidonge cha usingizi, tazama saa

Na Mwandishi Wetu, Rubavu

MWANGA haujafika Ziwa Kivu, lakini foleni ya Petite Barrière tayari ni ndefu. Wanawake wamesimama na mabeseni ya nyanya, karoti na kabichi. Vijana wamebeba trei za mayai. Wafanyabiashara wenye ulemavu wamekaa kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu, mizigo imepanda kuwazidi kimo. Kila mmoja ana kibali chake mkononi, anasubiri mpaka ufunguliwe avuke kwenda Goma.

Mama yangu mdogo amesimama kwenye foleni hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Ana umri wa miaka 58, anauza nyanya, na kwa miaka tisa sasa anaishi na sukari na presha. Siku moja aliniambia neno lililonifanya niandike makala haya: "Mwanangu, ugonjwa nimeshauzoea. Kinachonimaliza ni usiku."

Alikuwa akilala saa mbili, tatu akibahatika. Anaingia kitandani saa nne usiku, saa sita yuko macho. Anakwenda chooni, anarudi, anageuka huku na huku akihesabu madeni, anakwenda chooni tena. Saa kumi alfajiri, usingizi unapoanza kumchukua, ndiyo saa ya kuamka kupanga nyanya kwenye beseni.

Mwenzake wa kwenye foleni akampa ushauri ambao wengi hupewa: vidonge vidogo vinavyouzwa kwa kuhesabiwa, vikafungwa kwenye kipande cha karatasi. Hakuna cheti wala maswali. Muuzaji alisema ni Valium, ambayo jina lake la kitaalamu ni diazepam.

Wiki ya kwanza alilala kama mtoto. Kufikia mwezi wa pili kidonge kimoja hakikutosha, akaanza kumeza viwili. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito. Mara mbili alimrudishia mteja wa Goma chenji ya faranga za Kongo zaidi ya alizopaswa, na kwa mtu ambaye faida yake ya siku ni ndogo, kosa hilo linakula mtaji. Siku moja alisinzia juu ya pikipiki akielekea mpakani, dereva akamshika mkono asianguke.

Siku ile ndipo alipokubali kwenda kituo cha afya kusema ukweli wote.

Swali ambalo hakuwahi kuulizwa

Muuguzi aliyempokea hakuanza na usingizi. Alimwambia atoe dawa zake zote na kuzipanga mezani, kisha akauliza: "Mama, hiki unakimeza saa ngapi? Na hiki?"

Jibu lilikuwa moja kwa vidonge vyote: usiku, kabla ya kulala. Kati ya vidonge hivyo kulikuwa na furosemide, dawa ya kutoa maji mwilini aliyoandikiwa kwa sababu ya presha na kuvimba miguu. Furosemide huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi, na nguvu yake hudumu karibu saa sita. Mtu akiimeza saa nne usiku, ameagiza safari za chooni hadi alfajiri.

Kwa nini alikuwa akiimeza usiku? Hapo ndipo muuguzi alipopata jambo ambalo halikuandikwa kwenye faili. Mama mdogo alikuwa ameambiwa aimeze asubuhi. Lakini asubuhi yuko kwenye foleni, na akivuka yuko sokoni hadi mchana. Kwenda chooni ni kulipa hela, ni kupoteza nafasi kwenye foleni, ni kumwachia mtu mwingine beseni la nyanya. Akaamua mwenyewe kuihamishia usiku. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Wasomaji wetu wanaovuka mpaka kila siku wanalielewa jambo hili kuliko daktari yeyote. Wanawake wengi sokoni hawanywi maji kutwa nzima ili wasihitaji choo, na dawa nayo inapangwa kwa kufuata choo kilipo.

Muuguzi alishauriana na daktari, wakapata njia ya kati. Kwa kuwa mama mdogo hurudi nyumbani mchana, furosemide ikahamishiwa saa nane mchana. Kufikia saa mbili usiku kazi yake kubwa imekwisha. Mabadiliko haya yalifanywa na watu walioliona faili lake. Msomaji asihamishe dawa zake kwa kusoma gazeti, kwani zipo ambazo saa yake haichezewi. Kinachowezekana kwa kila mtu ni kwenda na swali hilo kliniki.

Usiku unavyoeleza ugonjwa

Daktari alimweleza mama mdogo jambo ambalo kila mwenye ugonjwa wa muda mrefu angepaswa kulisikia: mara nyingi kukosa usingizi ni ugonjwa wenyewe unaozungumza, au dawa iliyomezwa kwa saa isiyofaa. Ukimeza kidonge cha usingizi, umeunyamazisha ujumbe bila kuusoma.

Tuanze na sukari. Sukari ya damu ikipanda kupita takriban miligramu 180 kwa desilita, figo hushindwa kuizuia, inaingia kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mtu anakojoa mara nne au tano usiku na kuamka na kiu kali. Hapo tiba ni kushusha sukari. Mfanyabiashara anayeshinda na njaa kutwa kisha akala sahani kubwa ya viazi au ugali saa nne usiku, analala sukari ikiwa juu.

Upo pia usiku wa aina ya pili, wa sukari kushuka. Huwapata zaidi wanaotumia insulini au vidonge kama glibenclamide, hasa wakilala bila kula. Mtu anaamka amelowa jasho, moyo unadunda, anatetemeka, ameota ndoto mbaya. Kuamka huko ni mwili unajiokoa. Aliyemeza diazepam au kunywa bia kadhaa anaweza asiamke. Kwa mwenye sukari, hiyo ndiyo hatari kubwa ya kidonge cha kununua mtaani.

Aina ya tatu ni miguu. Sukari ya miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na maumivu ya kuwaka moto na kuchomwa sindano huzidi usiku. Zipo dawa za maumivu ya aina hiyo, mojawapo amitriptyline, ambayo kwa kipimo kidogo hutuliza mishipa na pia huleta usingizi. Lakini haimfai kila mtu, hasa mwenye ugonjwa wa moyo, kwa hiyo huandikwa na daktari.

Kwa wenye presha, mbali na dawa za kutoa maji, zipo dawa za kundi la propranolol ambazo kwa baadhi ya watu huleta ndoto za kutisha. Na miguu iliyovimba mchana kwa kusimama sana, ukilala, maji yake hurudi kwenye damu na kuishia kwenye kibofu. Kukaa na miguu imeinuliwa kwa saa moja jioni huwapunguzia wengine safari za usiku. Lakini anayeamka akitafuta pumzi, au asiyeweza kulala bila kurundika mito, aende hospitali upesi, kwa kuwa huenda moyo umechoka.

Mwenye pumu anayeamshwa usiku na kikohozi au kifua kubana ajue kwamba pumu yake haijadhibitiwa. Pampu ya salbutamol ikitumiwa mara nyingi hufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke. Na vidonge vya prednisolone, ambavyo hutumika kwa magonjwa mengi, hufukuza usingizi vikimezwa jioni. Kwa kawaida huandikwa vimezwe asubuhi.

Kwa wanaoishi na VVU, wengi wanaikumbuka efavirenz, iliyojulikana kwa ndoto kali na kizunguzungu, ndiyo maana ilimezwa wakati wa kulala. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegravir iwe dawa ya kuanzia. Hiyo wengi wanaivumilia vizuri, lakini wapo ambao usingizi wao hupungua. Wengi wao husaidiwa kwa kuimeza asubuhi badala ya usiku. Ni swali la kuuliza siku ya kuchukua dawa, kabla ya kufikiria kuziacha.

Mwisho kuna kukoroma. Mtu anayekoroma kwa nguvu, kisha anakata pumzi na kushtuka kama aliyekabwa, na mchana anasinzia hata akiwa amesimama, pengine njia yake ya hewa hujifunga usingizini. Hali hiyo hupandisha presha na kuifanya isisikie dawa. Vidonge vya usingizi na pombe hulegeza koo na kuizidisha. Mwenyewe hajui, anayejua ni anayelala karibu naye. Mkisikia hivyo, mwambieni.

Walichomeza watu wa Ituri

Tuseme umeamua kununua hata hivyo. Je, una hakika ni diazepam?

Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na katikati ya mwaka 2015, huko Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, mamia ya watu wazima na watoto walianza kuletwa vituoni shingo zimekakamaa, nyuso na ndimi zimepindika, macho yamegeukia juu. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vipimo vilivyofanywa nje ya nchi vilionyesha jambo jingine. Wagonjwa walikuwa wamemeza vidonge vilivyouzwa kama diazepam, lakini ndani yake kulikuwa na haloperidol, dawa kali ya magonjwa ya akili. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka huo wa 2015. Wapo waliopoteza maisha.

Vidonge hivyo vilisambazwa kwenye makopo makubwa na kuuzwa kimoja kimoja, kama vile alivyonunua mama mdogo. Kidonge kilichotolewa kwenye kopo na kufungwa kwenye karatasi hakina jina, tarehe wala kiwanda. Hata muuzaji mwaminifu hawezi kujua alichouziwa.

Dawa halisi nazo zina mipaka

Diazepam halisi ni dawa yenye manufaa, ipo hospitalini na huokoa watu wenye degedege. Shida yake kama dawa ya usingizi ni kwamba hukaa mwilini muda mrefu. Inachukua siku moja hadi mbili nusu yake tu kuondoka, kwa hiyo anayeimeza kila usiku anarundika. Ndiyo maana ya kichwa kizito, hesabu kupotea na kusinzia kwenye pikipiki. Kwa wazee, ndiyo maana ya kuanguka na kuvunjika nyonga.

Dawa za kundi hili zikiandikwa kwa ajili ya usingizi, huandikwa kwa muda mfupi, kwa kawaida zisizidi wiki nne. Baada ya hapo mwili unazizoea na kuzidai. Aliyezitumia kwa miezi asiziache ghafla, kwa kuwa anaweza kupata degedege. Mama mdogo alipunguziwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na anakiri zilikuwa wiki ngumu.

Hatari zaidi ni kuchanganya. Diazepam pamoja na pombe, au pamoja na tramadol ambayo wabeba mizigo wengi humeza kwa ajili ya mgongo, inaweza kupunguza pumzi hadi ikasimama. Dawa za mafua na mzio kama promethazine na chlorphenamine nazo hutumiwa kuleta usingizi. Huchosha nguvu baada ya siku chache, hukausha mdomo, na kwa mwanamume mwenye tezi dume zinaweza kuziba mkojo kabisa.

Majani, maziwa na chupa

Si kila cha nyumbani ni cha kudharauliwa. Kikombe cha mchaichai au maziwa ya moto hutuliza, na utaratibu wenyewe wa kukaa na kunywa taratibu huuambia mwili kwamba siku imekwisha. Ila mwenye kuamka kukojoa anywe kidogo na mapema, na mwenye sukari asitie asali akidhani asali si sukari.

Majani ya pasheni yanauzwa sana kama dawa ya usingizi. Mmea uliochunguzwa na wataalamu ni jamii nyingine ya pasheni, tofauti na ile tunayokamua juisi, kwa hiyo sifa za mmoja zisiuziwe mwingine. Kungumanga kidogo kwenye chai haina neno, lakini kijiko kizima au zaidi kinaweza kumfanya mtu aone vitu visivyokuwepo na moyo kwenda mbio. Na dawa yoyote ya kienyeji, mwambie anayekutibu unaitumia. Hakuna aibu ndani yake, na zipo zinazogongana na dawa za presha na za VVU.

Kuhusu pombe, Gisenyi ni mji wenye kiwanda cha bia, na wengi hapa wanaamini chupa moja ya jioni ni dawa. Pombe hulaza haraka, ni kweli. Lakini ikishapungua kwenye damu, usiku wa manane, usingizi hukatika na mtu anabaki macho hadi asubuhi, akienda chooni. Kwa mwenye sukari, huongeza pia hatari ya sukari kushuka usiku.

Tiba isiyouzwa

Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba kwa mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu, tiba ya kwanza iwe mafunzo ya kubadili mazoea na fikra kuhusu usingizi, kabla ya vidonge. Mwaka 2017 wataalamu wa usingizi wa Ulaya wakasema hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo inawezekana hata hapa Rubavu na ng'ambo ya pili, Goma:

Amka saa ile ile kila siku, hata siku usiyovuka. Kama saa yako ni kumi alfajiri, iwe kumi hata Jumapili. Saa ya kuamka ndiyo inayopanga saa ya kulala.

Usiingie kitandani kabla usingizi haujaja. Ukikaa macho kwa muda unaokadiria ni dakika 20, toka, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Kitanda kisiwe mahali pa kuhesabu madeni.

Madeni yahesabiwe mapema. Saa moja jioni chukua daftari, andika unaodai, unaodaiwa na la kwanza kufanya kesho. Lifunge.

Chai ya majani na kahawa ziishe mchana. Nusu ya nguvu yake hubaki mwilini saa tano hivi baada ya kunywa.

Ukisinzia mchana, usizidi nusu saa, na iwe kabla ya saa tisa alasiri. Mwenye kuendesha pikipiki au gari akisinzia, asimame.

Lakini tusijidanganye kwamba kila usiku wa macho unatokana na mazoea. Watu wa mpaka huu wamepitia mengi. Wapo wanaobeba ya mwaka 1994. Wapo walioikimbia lava ya Nyiragongo usiku wa Mei 22, 2021, kisha wakalala nje kwa siku kadhaa ardhi ikitetemeka. Wapo waliopotewa na watu na nyumba Mto Sebeya ulipofurika Mei 2023, na waliosikia milio ya vita vya Goma Januari 2025. Anayeshtuka usiku kila mara akiyaona hayo tena, au aliyekosa raha ya maisha kwa zaidi ya wiki mbili, anahitaji kusikilizwa. Hospitali za wilaya nchini Rwanda zina huduma ya afya ya akili, na kituo cha afya kinaweza kukuandikia rufaa. Mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri hata siku moja.

Ukivuka na dawa zako

Kwa mfanyabiashara kuna jambo la mwisho. Diazepam na ndugu zake zimo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Kukutwa nazo mpakani bila cheti kunaweza kuleta matatizo makubwa kuliko ushuru wa nyanya. Beba dawa zako kwenye pakiti yake, pamoja na cheti au kitabu chako cha kliniki.

Andika jina la kitaalamu la kila dawa kwenye karatasi, kwa sababu jina la kibiashara la Gisenyi huenda lisijulikane Goma, Bukavu au Kampala. Kando ya kila jina andika saa unayoimeza. Kwa wiki moja ongeza mstari mmoja kila asubuhi: nililala saa ngapi, niliamka mara ngapi, nilikwenda chooni mara ngapi, nilikula nini na saa ngapi. Karatasi hiyo itamwambia daktari mengi katika dakika chache alizonazo, na kuiandika hakugharimu chochote.

Mama mdogo bado ana karatasi yake, imekunjwa ndani ya pochi pamoja na kibali cha kuvukia. Siku hizi anakula saa moja jioni, sukari yake ya asubuhi imeshuka, na huamka mara moja usiku badala ya tano. Hajapona kila kitu. Usiku mwingine bado unampita akiwa macho, hasa siku nyanya zilizobaki zinapoozea mikononi mwake. Lakini anasema chenji anahesabu mara moja tu, na inatoka sawa.

Wiki iliyopita nilimwona kwenye foleni akiinama kumsikiliza mwenzake mdogo, mjane mwenye pumu, aliyekuwa akilalamika kwamba halali. Sikusikia yote. Nilisikia tu mama mdogo akimwuliza: "Na hizo dawa zako, mdogo wangu, unazimeza saa ngapi?"